Shahidi wa Nasibu

Makote, Newala

Kaka yangu Fakihi,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Dar es Salaam, pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo, mikorosho imetoa maua, ila moyo wangu haujapoa tangu msiba wa mama. Kwenye simu naishia kulia tu, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua mama alipohamia kwa dada zake ng'ambo ya Ruvuma tulikuwa tunavuka kwa mtumbwi na karatasi ya mwenyekiti wa kijiji, basi. Wenzetu wa Msumbiji wamebadili utaratibu wao, sasa wanataka pasi ya kusafiria. Hata hivyo mwenye mtumbwi alinihakikishia kuwa mfiwa huwa wanamhurumia, nami nikateremka mtoni na sanda nikamwoshe mama yangu.

Kumbe Nasibu ametangulia, yule jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Yeye alishajipatia kitambulisho cha kule kupitia kwa wakwe zake, anavuka kifua mbele. Aliwaambia walinzi kuwa nasingizia msiba, nafuata biashara zangu. Nikarudishwa na sanda yangu. Mama akaoshwa na wengine, nami bintiye ningali hai! Kaka, nilimchukia mtu yule hata ugali haukupita.

Lakini mkuki kwa nguruwe. Upande wetu nao umeanza kukagua watu, na Nasibu akaulizwa ni wa wapi, mwenye kitambulisho cha kule na mikorosho huku. Akaapa kuwa amezaliwa Makote. Kwa vile wazazi wake walishafariki, baraza la kijiji likaniita mimi jirani yake. Nikawajibu kwa upole kuwa habari za kuzaliwa kwake alizijua mama yangu, waende ng'ambo wakamuulize. Ameambiwa alete shahidi kabla ya mavuno, la sivyo aliache shamba na ahame. Mkewe alikuja kunipigia magoti. Nilimkaribisha kiti, nikaendelea kupepeta mahindi yangu.

Sasa nakwambia wewe peke yako. Nasibu alizaliwa nyumbani kwetu, mama akimpokea, nami nachochea moto wa maji. Wewe ndiye uliyetumwa kumwita baba yake shambani. Tumebaki sisi wawili tunaojua, na yeye ameshapata namba yako. Atakupigia, atalia. Ukimfungulia mdomo, kaka, siku nikifa usije kunizika.

Wifi msalimie sana, na watoto uwabusu. Mwanangu Abdulazizi anakuamkia.

Ni mimi mdogo wako,
Esha