Sijambo Niliyoisema Kitandani

Msambweni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na goti lako limekubali tena kupanda ngazi za darini. Ama mimi, leo sitakwambia kwamba sijambo. Neno hilo nimekosana nalo, na ndilo lililonikalisha kuandika, maana nikipiga simu nyumba nzima ya mume wangu Bakari hunisikiliza.

Kwenye simu nilikwambia nimejifungua salama. Salama ilikuwa ya mtoto. Mimi nilikaribia kuzikwa, mama, mchana kweupe, ndani ya kituo cha afya, watu wamejaa!

Nilijifungua asubuhi. Mtoto akapanguswa, akafungwa leso, na ukoo mzima wa Bakari ukamzunguka kubishana pua ni ya nani. Muuguzi akapita mlangoni, simu mkononi: "Mama, hujambo?" Nami, mtoto uliyemfunza adabu, nikaitika, "Sijambo, alhamdulillahi." Nilingoja aniulize habari, nimweleze, kama watu wanavyoamkiana. Akaenda zake. Baadaye akapita tena, ikawa vile vile. Hakunigusa tumbo, hakunipima presha, hakufunua leso niliyojifunika. Tangu lini salamu ikawa kipimo? Kwetu hata mwenye kuumwa na jino huitika sijambo kwanza, ndipo aseme jino linamuua.

Nilikuwa nasikia umoto ukinitoka chini mfululizo, na masikio yakivuma. Nikamwambia mavyaa, mamake Bakari. Akasema, "Huo ni uchafu wa uzazi, mwanangu, uache utoke." Kidogo nikamsikia akiwaambia wenzake, "Punguzeni kelele, mzazi ametulia." Nilitulia kweli! Hata mdomo sikuweza kuufungua.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa zamu ya mchana, mwanamke mnene asiye na salamu. Hakuniuliza kitu. Alifunua leso, akaona godoro limelowa damu, akawatoa wote nje kwa sauti ya muuza samaki. Akanisugua tumbo kwa nguvu mpaka nikalia, akanichoma sindano, akaita wenzake wakanitundikia maji. Mavyaa akawa anajitetea mlangoni: "Lakini ameulizwa, akasema hajambo!"

Yule muuguzi akamjibu bila kugeuka: "Mzazi haulizwi, hutazamwa."

Nilipopata nguvu, Bakari alinipeleka kulalamika. Mkubwa wa kituo akatusikiliza, kisha akatabasamu. "Lakini mama, si uliulizwa, ukasema hujambo?" Yaani kosa ni langu, niliyeitika salamu! Ningekuwa sina adabu ningetibiwa mapema. Tangu siku hiyo hasira hazijaniisha. Bakari ananiambia tumshukuru Mungu. Mungu namshukuru kila swala. Mwenye neno na mimi ni yule muuguzi wa mlangoni. Najua wauguzi ni wachache na kazi ni nyingi. Lakini kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua chache, na damu yangu ilikuwa inamngoja.

Sasa nisikilize, mama. Mimba ya mdogo wangu Zuhura imeshakuwa kubwa, na wewe ndiwe utakayekaa naye. Namjua, kwa adabu amenishinda. Akishajifungua, mwache mtoto kwa shangazi zake wabishane pua. Wewe usitoke kitandani kwake. Mfunue leso utazame. Waambie wauguzi wamguse tumbo, wampime, warudi tena na tena, na si kwa kupita mlangoni. Wakikuona mkorofi, wacha wakuone.

Nisalimie baba, na shangazi mpika halua, na jirani yetu mwalimu wa chuoni, mwambie dua zake zilifika. Mkweo Bakari anakuamkia. Mjukuu wako amelala hapa pajani. Pua ni yetu, wapende wasipende.

Na Zuhura akikwambia hajambo, usimwamini, mama. Ndivyo ulivyotufunza.

Mimi mwanao, mwenye jambo,
Mwanaisha