Mwanga Uliopotelea Ardhini

Makambako,
29 Desemba

Kaka yangu Justine,

Kamwene, kaka, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Hilda na watoto, na kwamba mahindi ya huko Mchuchuma yameota vizuri. Huku tu wazima. Mama bado anapalilia viazi mwenyewe, na ukimkataza anakununia siku nzima. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu, ndiyo maana barua hii nimempa Elius anayepeleka mbegu Ludewa aikabidhi mkononi mwako. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Nina habari ambayo mpaka sasa inanisisimua mwili. Inahusu taa za Krismasi za usharika. Najua hutaki kuzisikia. Miaka mitatu iliyopita taa ulizofunga kwenye ule mti wa mpaini kule bondeni ziliwaka hafifu, wazee wa kanisa wakasema umeficha mpya ukafunga kuukuu, ukatengwa na Meza ya Bwana, ukahama. Basi mwaka huu wamenunua taa nyingine mpya, wakaniita mimi nizifunge, maana sasa ni fundi umeme mwenye cheti. Nikafunga balbu mia mbili, nikawasha. Kaka, ziliwaka wekundu wa makaa yanayozimika!

Mzee Efraimu, yuleyule aliyekushtaki, akasema ni ukungu. Mwingine akasema balbu za siku hizi ni feki. Mimi nikachukua mita yangu. Ofisini kwa mchungaji, umeme unakoanzia, nikapata volti mia mbili thelathini. Bondeni, taa zikiwa zimezimwa, zilezile mia mbili thelathini. Nikaziwasha: mia moja na sabini! Nikaipigapiga mita gotini, nikapima tena. Mia moja na sabini. Jamani, umeme unafika mzima ukiwa hauna kazi, ukipewa mzigo unaishia njiani! Chuoni nilifundishwa hayo na mtihani nikafaulu, lakini kuyaona kwa macho ni kitu kingine. Nilikaa chini kwenye majani mabichi nikiitazama ile mita kama mjinga.

Ndipo nikakumbuka taa zako. Zilikuwa bado stoo, ndani ya kiroba. Nikazichomeka palepale ofisini. We! Ziliwaka mpaka mchungaji akajikinga macho. Hata moja kuukuu haikuwemo. Mzee Efraimu alivua kofia akasimama nayo mkononi.

Tukafukua mtaro wa waya unaotoka ofisini kwenda bondeni. Bomba ulilolilaza wewe lilikuwa na joto, kaka, katika baridi ile ya Desemba! Mwanga wetu wote ulikuwa unapasha udongo. Ndani tukakuta waya mwembamba kama wa kuungia redio, mita themanini nzima. Tukauvuta, tukapitisha mnene.

Mkesha wa Krismasi, saa moja jioni, kwaya za mitaa yote zilikuwa zinateremka bondeni, kila moja na wimbo wake, kama unavyojua. Nikawasha. Zote zikanyamaza kwa pamoja. Mpaini uliwaka kuanzia shinani hadi kileleni, na ule ukungu uliosingiziwa ukashika rangi zote, bonde zima, mpaka nikajiuliza kama niko duniani. Bibi Dorosela alipiga magoti kwenye matope. Nikalia, kwa sababu kazi ilikuwa yako. Mpango wako na vipimo vyako vilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Sasa nisikufiche, kaka. Ule waya mwembamba niliuweka mimi. Siku ile uliniachia waya mnene ukaenda Njombe kufuata swichi. Ulikuwa mgumu kwa baridi, ukagoma kupita kwenye kona ya bomba, nami nilikuwa nachelewa mazoezi ya kwaya. Nikapitisha mwembamba, kisha nikaunga vipande vya mnene kwenye ncha zote mbili, ili ukirudi uone mnene unaingia na mnene unatoka. Uliobaki niliuficha ghalani chini ya magunia. Haki ya Mungu, sikujua kwamba wembamba wa waya ungefifisha taa. Lakini nilijua nimekudanganya, na siku walipokutenga niliketi kwenye benchi la kwaya nikiangalia viatu vyangu. Niliogopa, kaka. Nisamehe, na kama huwezi, una haki.

Jana Jumapili nilisimama mbele ya usharika nikayasema yote haya. Nimetengwa mimi sasa, hadi Pasaka, nami nimekubali. Kisha mchungaji akatangaza kwamba Justine anarudishwa kundini, akauliza nani anampokea ndugu huyu. Mama, ambaye tangu uondoke hajawahi kukutaja kwa jina, aliinuka hata swali halijaisha. Alitembea hadi mbele, akasimama mahali ambapo ungesimama wewe, na walipomwomba aketi alikataa mpaka ibada ikaisha.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama hajanituma neno lolote kwako. Ila leo asubuhi kabla sijaondoka nyumbani nilimkuta anafua shuka za kitanda chako.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Esnath