Bibi wa Taarifa ya Saa Kumi na Mbili

LaVonne, umeona upuuzi wa hawa watu wa TV hapa Duluth?? Sema hujaona. Tafadhali sema hujaona.

Asubuhi si nilipanga foleni kwenye theluji, upepo wa ziwani unanichapa, kununua ile gemu mpya ya mkononi? Akaja kijana wa TV na kipaza sauti, nywele kama kapakwa gundi. "Bibi, mjukuu wako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia mjukuu gani?? Sina mjukuu! Gemu ni yangu. Nikamweleza kila kitu, shoga: kioo, betri, jinsi ile ya zamani nilivyoicheza mpaka vitufe vikalegea. Dakika kumi nzima! Anaitikia kwa kichwa tu kama anasikia.

Sasa taarifa ya habari ya jioni. Wamekata YOTE. Nimebaki natabasamu kama zuzu, na chini wameandika: BIBI AVUMILIA BARIDI KWA AJILI YA MJUKUU.

MJUKUU GANI??? Mtu kapewa jibu mdomoni, kaenda kutunga lake. Halafu wanataka tuwaamini wakituletea habari za vita!

Nusu ya kanisa washanipongeza. Mke wa mchungaji kaniuliza kama aanze kufuma soksi za kichanga.

Natafuta namba ya kituo niwatukane, Britta akapiga. Nikajua binti yangu anataka kunicheka. Kumbe analia.

"Mama, nani amekuambia? Tulitaka tukuambie Jumapili."

LaVonne. Nimekaa chini, sakafuni, jikoni.

Wapumbavu wale wamepatia, na hata hawajui kama wamepatia.

Bado nitawapigia. Gemu ni YANGU.