Kalamu ya Gunzi

Dzaleka, Malawi, Agosti 1999

Mama Kabibi wangu,

Mbele ya Mungu na wakimbizi wote wa Dzaleka, natangaza rasmi: nimechagua kalamu.

Usicheke. Barua zangu za kwanza aliniandikia pasta, nawe ukajibu kutoka Uvira: "Kama we mzima kweli, andika kwa mkono wako. Mapasta banaandikiaka hata bafu, batu benye balishakufa, eti bajane basilie." Basi nimemwachisha pasta kazi. Lakini vidole vitatu vya mkono wangu wa kuume vilibaki kwenye barabara ya Fizi siku nilipokimbia vita, sikukuambia, na hivi viwili huangusha kalamu.

Kwanza nilikwenda Lilongwe, Old Town. Mhindi wa duka akanipa kalamu nene ya watoto wa shule. Ikateleza kama ndagala mbichi wa ziwani. Nikaizungushia mpira wa tairi ya baiskeli. Ikashika, ila ikaniumiza kovu.

Mwishowe nikapitisha kalamu katikati ya gunzi la mahindi. Jirani yangu Zihindula akanikuta.

"Papa Kabibi, unaandika ao unakula?"

"Naandikia bibi yangu."

"Basi umubakishie na yeye!"

Gunzi ndo lilishinda. Ninaandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda maharagwe. Sasa tafadhali vua nguo za matanga. Mi niko hapa, nakula nsima, ugali wao Wamalawi, na kukuwaza wewe.

Mume wako mzima,
Lwaboshi

Nimeisoma tena. Mwandiko huu haufanani hata kidogo na wangu wa zamani.