Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Tunduma, 3 Juni 2024

Baba,
Shikamoo. Natumaini nyonga imekupa nafuu na mahindi yamekauka vizuri. Mimi ni mzima. Foleni ya malori mpakani haijapungua, nasi mawakala wa forodha tunashinda juani.

Nimenunua pikipiki mpya dukani. Si kama zile za bodaboda. Hii ni kruza, ndefu na pana, yenye usukani ulioinuka. Damiano, muuzaji, aliniuliza, "Dada, unamnunulia shemeji?" Nikamwambia shemeji akitaka atapanda nyuma. Akacheka, kisha akataka kuvua nailoni ya viti. Nilimruhusu avue ya mbele tu. Ya nyuma nimekuachia wewe. Nije lini?

Binti yako,
Tumpale

Isongole, 10 Juni 2024

Mwanangu,
Marahaba. Nyonga iko kama ulivyoiacha. Mahindi yamekauka.

Sikukusomesha ili upite mbele ya kanisa umepanda dude la namna hiyo. Nailoni ivue mwenyewe. Mimi na pikipiki tulikwisha kuachana, na sababu ninazijua mwenyewe.

Usije nalo hapa.

Baba yako

Tunduma, 16 Juni 2024

Baba,
Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umetulia.

Sababu nazijua. Baba mdogo Gwalugano alinieleza. Mwaka juzi, ulipotaka kwenda kwenye kaburi la Mama kule mlimani, mguu haukuvuka kiti cha bodaboda, ukaanguka sokoni mbele ya watu uliowafundisha. Tangu siku hiyo hujaenda. Unasema njia imeharibika. Njia ni ileile, Baba.

Nilizunguka maduka ya Tunduma na futi ya fundi cherehani mkononi. Damiano alinitania: "Unapima suruali?" Kiti cha nyuma cha hii ndicho kilicho chini kuliko vyote, sentimita sabini, na kina egemeo la mgongo. Nilinunua kile kiti, Baba. Pikipiki ilikuja nacho.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Binti yako,
Tumpale

Tunduma, 14 Julai 2024

Baba,
Shikamoo. Wiki ya nne hii sijapata barua. U mzima? Nailoni imeingia vumbi. Madereva wa Zambia wananiuliza kwa nini sibebi mtu. Nawaambia kiti kina mwenyewe.

Binti yako,
Tumpale

Isongole, 22 Julai 2024

Mwanangu,
Marahaba. Mimi ni mzima.

Nilinyamaza kwa hasira, baadaye kwa aibu, na mwishoni kwa sababu ya mazoezi. Ukingo wa baraza letu una sentimita sabini na mbili. Nimeupima kwa rula ya darasani. Kila asubuhi nimejaribu kuupanda. Wiki ya kwanza mguu uligoma kabisa. Wiki ya pili nilirarua suruali ya ibada. Jana mguu ulivuka.

Jirani yetu Enesi alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaniona nimekaa juu ya ukingo, mguu huku na mguu huku.

"Mwalimu, safari ya wapi?"

"Kwa Imelda," nikamjibu.

Nilidhani atacheka. Aliitua ndoo, akasema, "Ukifika, mama yake Tumpale umpe salamu zangu."

Njoo Jumamosi asubuhi. Tutapita katikati ya soko, polepole. Anayetaka kutazama atazame.

Nailoni usiiguse.

Baba yako