Sakafu ya Chumba cha Mama

Voi,
12 Agosti

Kwa dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Ujerumani. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza, nami ningepata nafasi ya kunyamaza.

Mashine ya kupasha nyumba joto uliyotuma niliifunga kama ulivyoagiza. Nyumba ya marehemu baba pale Chawia ni kuukuu, kwa hiyo nilipasua sakafu ya chumba cha Mama nikalaza mipira ya maji chini, na sebuleni nikaweka rejeta, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto. Ukungu wa Julai ulitukuta tayari. Majirani walikuja kushangaa, wakasema fundi ni mimi. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Shida ilianza kwa Mama. Anakaa kutwa peku akichambua maharagwe, na kila siku alisema sakafu yake ni baridi, labda Wakesho aliuziwa chakavu. Maneno hayo yaliniuma. Wiki iliyofuata paka alihama chumba hicho. Jirani yetu Teresia alipokuja kuomba naye, aliinua miguu akaiweka kitandani, akasema humu mtu ataiva. Tulicheka sana.

Jumapili moja nilimkuta Mama amevaa soksi kwenda kanisani, na moja imegandia unyayoni. Nilipoivuta ilitoka na ngozi. Aliniuliza mbona nimeishikilia soksi tu. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Siku hiyohiyo tukateremka naye hospitali hapa Voi.

Nilikuandikia kwamba mashine ina kasoro, ukagombana na waliokuuzia. Dada, nilikudanganya. Rejeta hutaka maji ya moto sana, sakafu hutaka vuguvugu, na kati yake kuna valvu ya kuyachanganya na yaliyopoa. Valvu hiyo niliizima kwa mkono wangu, maji yaliyopoa yasipite, moto wote ukaenda sakafuni, ili Mama aache kulalamika. Nilijua ana sukari. Nilijua nyayo zake zina ganzi tangu mwaka juzi. Aliposema hasikii joto nikalaumu sakafu, nisiikumbuke miguu yake.

Kidonda kile kimeoza, na daktari anataka kuukata mguu wa kulia kesho, chini ya goti. Mama alikataa kutia sahihi mpaka aniulize, maana anasema kati ya watoto wake mimi ndiye nisiyemficha kitu. Nilimwambia atie, akatia. Mengine sijaweza kumwambia. Njoo, dada, usimame karibu yangu nikimwambia.

Wasalimie watoto, na shemeji pia. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Obadiah