Nimemnyoa Paka wa Binti Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla shule hazijafungwa wiki ijayo, maana binti yangu yuko bweni na akirudi sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni kinyozi, saluni yangu iko mbele ya nyumba, na binti aliniachia paka wake, Meneja, akasema, "Baba, nakuamini," nami nikamwambia usijali, sasa huyo Meneja akaanza kujikuna, mara shingo, mara masikio, mara anajilamba tumbo mpaka linakuwa jekundu, na yote hayo anayafanyia kwenye kiti cha wateja, wateja wanatazamana, mmoja akaniuliza kwa sauti, "Fundi, chawa wa hapa ni bure au tunalipia?" wenzake wakacheka na wakaondoka naye, basi mimi muwasho naujua, mteja akiwashwa kidevu nampaka spiriti na poda anatulia, nikamfunga Meneja kitambaa shingoni, nikawasha mashine, nikamnyoa mwili mzima nikabakiza kichwa na mkia, na kusema kweli kazi ilitoka safi, hata mistari nilimchonga, kisha nikampaka spiriti.

Lo! Aliruka mpaka juu ya kioo, akanichana mikono yote miwili, akaingia uvunguni, na hadi leo akiniona ananguruma. Na bado anajikuna, tena sasa ngozi tupu! Mke wangu kila akipita anacheka mpaka anakaa chini, "Baba watoto, huyu ni paka au brashi?" Sasa jirani yetu muuza nyama ana paka wa rangi ileile kabisa, na amekubali tubadilishane, Meneja ahamie buchani na yule aje kwangu, mtoto asijue kitu. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea sana?

Ni mimi, Kinyozi Taabani.

*

Kinyozi Taabani,

Nimecheka, kisha nikamhurumia Meneja, na wewe kidogo. Lakini spiriti, jamani? Kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka? Ungejipaka kwanza kwenye hiyo mikono uliyochanwa, ndipo tuzungumze.

Muwasho wa paka hauishi kwa kunyolewa. Mara nyingi ni viroboto, na paka mwenye aleji akiumwa na kiroboto mmoja tu atajikuna siku nzima, wala wewe kiroboto mwenyewe humwoni. Huenda pia ni chakula. Huenda ni saluni yako, kama mchana analala juu ya mataulo yaliyojaa poda na manukato ya wateja. Mimi siwezi kujua kwa barua, na wewe huwezi kujua kwa mashine. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho asubuhi, umweleze yote, na ya spiriti usiyafiche. Dawa ya viroboto iwe ya paka, kwa sababu ile ya mbwa inaweza kumuua. Mafuta ya taa, maana najua umeshayafikiria, yaache kwenye dumu lake. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto, uvunguni pafagiliwe, na asikae juani mpaka manyoya yaote. Daktari akimbadilishia chakula, ale hicho tu, usimrushie mabaki ya mezani kwa kumwonea huruma.

Na hilo la paka wa muuza nyama, koma kabisa! Mtoto aliyekuwa akilala na paka wake atajua kwa mlio kwamba huyu siye kabla hajatua begi. Siku hiyo atakuwa hana paka, na hana baba wa kumwamini. Hivi kweli unataka kumpoteza mtoto kwa sababu unaona aibu?

Piga simu shuleni leo, kabla hujafungua saluni. Usianze kuzunguka na habari za masomo. Sema, "Mwanangu, nimemnyoa paka wako, nimekosea, na kesho nampeleka kwa daktari." Kisha nyamaza umsikilize, hata akilia.